Marehemu Alizaliwa

Hadithi hii si ya hapo zamani za kale. Ni ya hapa hapa, na watu wake wengine bado wanakula na kulala, ila nimeshauriwa niseme ni ya kale, nami ni raia mtiifu. Nimeambiwa pia kwamba hadithi ya kubuni inaruhusiwa kwa sharti moja tu, isimfikie mtu inayemhusu. Wewe msomaji haikuhusu, kwa hiyo karibu, vuta kigoda.

Basi hapo kale, katika nchi ambayo jina lake silitaji, palikuwa na kiwanda cha mbolea. Kiwanda kilikuwa na tangi la gesi, na tangi likapasuka. Kumbe hata hilo la kupasuka sikupaswa kulisema. Tuseme palikuwa na tangi.

Mimi naitwa Fulgensi. Kazi yangu mjini kwetu ni kusoma wasifu wa marehemu misibani. Sikuisomea, nimejaliwa tu sauti inayofika mpaka kwa akina mama wanaosonga ugali nyuma ya nyumba. Kwetu mtu hashushwi kaburini kabla wasifu wake haujasomwa mbele ya watu: alizaliwa wapi, alisoma wapi, alimwoa nani, alifanya kazi gani, na mwisho kabisa, jambo ambalo kila mtu ameacha shamba lake kuja kulisikia, alikufa kwa nini. Hapo hata waliosinzia huamka.

Kifo kikitajwa, kwamba ni malaria, au ni moyo, au ni mti ulimwangukia, watu husema Mungu alitoa na Mungu ametwaa, hutupia udongo, huenda kula wali. Kisipotajwa, hutazamana. Kifo kisichotajwa kwetu kina mkono wa mtu, na mkono huo, tangu enzi za mababu, umekuwa ukionekana kuwa wa mke. Mjane wa kifo kama hicho hurudishwa kwao na nguo zake. Nyumba hubaki kwa ndugu wa marehemu, na watoto pia. Sisemi kwamba ni desturi nzuri. Nasema ndiyo tuliyo nayo.

*

Aliyekufa aliitwa Menasi Lupindo. Alikuwa mtu wa zamu ya asubuhi kiwandani, baba wa mtoto mmoja wa kike, na mwimbaji wa sauti ya nne kanisani, japo hakuijua vizuri. Siku ile wenzake walipokimbia, yeye alirudi kufunga koki kubwa. Aliifunga. Walimkuta ameikumbatia. Wanaojua mambo ya kiwandani wanasema kama si yeye mji mzima usingeamka kesho yake, hata mimi, na wanalisema hilo kwa kunong'ona huku wakitazama mlangoni.

Mlio ulisikika mpaka seminari. Harufu iliingia kila nyumba. Tulikimbilia milimani tumejifunga kanga zilizolowa puani, tunatoa machozi kama watu waliomenya gunia la vitunguu. Kuku walikufa. Kandidus, kaka wa Menasi, nilikimbia naye bega kwa bega. Alikuwa akilia kwa macho na kutukana kwa mdomo, na alilitukana tangi.

Serikali ilikasirika. Ilisema kampuni, ambayo ilitoka mbali, ilijenga tangi bovu. Kampuni nayo ikakasirika, ikasema tangi lilikuwa zima kabisa, ni serikali iliyokata umeme asubuhi ile bila taarifa. Sasa, katika mkataba wao uliosainiwa chini ya hema huku ngoma zikilia, palikuwa na kifungu ambacho hakuna aliyekisoma kwa sababu wacheza ngoma walikuwa wameshaingia uwanjani. Kifungu kilisema ugomvi wowote utapelekwa kwa wasuluhishi watatu, katika mji wa mbali wenye theluji, na utasikilizwa kwa siri. Vielelezo ni siri, mashahidi ni siri, maneno ya mashahidi ni siri, uamuzi ni siri, na kwamba kuna ugomvi nako ni siri.

Pande hizo mbili hazikuafikiana juu ya tangi, wala umeme, wala mkataba. Nasikia walibishana siku nzima juu ya nani akae karibu na dirisha. Waliafikiana jambo moja tu, kwamba sisi tusijue. Nilifarijika kuona bado kuna maelewano duniani.

Serikali yetu ikitoa ahadi kwa mgeni huitimiza kwa moyo wote. Ahadi ilizotupa sisi ndizo huwa inazitafakari. Kwa hiyo iliunda Wizara ya Usiri, na kila wilaya ikapelekewa Afisa Usiri. Wetu aliitwa Apolinari, kijana mpole mwenye viatu visivyozoea vumbi. Alitukusanya uwanjani akatangaza kwamba mlio ule haukusikika. Harufu, alisema, ni kielelezo, na anayejiziba pua kwa kanga anatoa ushahidi bila kibali. Tukafungua pua zetu. Wenye kikohozi waliombwa wakohoe bila kueleza sababu, nasi tulikohoa hivyo, kizalendo.

*

Veneranda, mke wa Menasi, aliniletea wasifu aliouandika mwenyewe. Ulikuwa mzuri. Aliandika kwamba marehemu alizaliwa mtoto wa mwisho, kwamba alikuwa mtu makini, kwamba alipenda utani, kwamba aliimba kanisani, kwamba alikuwa hakosi kazini, na kwamba alikufa akifunga koki ya tangi ili watu waishi. Nililia nilipousoma, na mimi husoma vifo kama wengine wanavyosoma bei za mahindi.

Apolinari alisema lazima upelekwe kwanza kwa mawakili wa pande zote mbili. Ukaenda. Wakati huo Menasi mwenyewe alikuwa chumba cha maiti, mguuni amefungwa kibandiko kilichosema yeye ni kielelezo. Tulipouliza kama watu watatoa heshima za mwisho, tulijibiwa kwamba jeneza halitafunguliwa, kwa kuwa ngozi ya marehemu ina maelezo.

Wasifu ulirudi. Mawakili wa kampuni walikuwa wamefuta kwa wino mweusi neno "makini", kwa kuwa mtu makini akifa kiwandani itaonekana kosa ni la tangi. Mawakili wa serikali walifuta "alipenda utani", maana kampuni inaweza kudai alikuwa akitania karibu na mitambo. "Hakosi kazini" lilifutwa na wote wawili, kila mmoja kwa sababu zake, kwa hiyo lilikuwa jeusi zaidi. Kanisa lilifutwa. Mke alifutwa, mtoto alifutwa. Mahali alipozaliwa palifutwa kwa kuwa ni karibu na kiwanda. Koki na tangi hata usiniulize. Ilibaki sentensi moja juu kabisa, na neno moja chini kabisa. Juu palisema: Marehemu Menasi Lupindo alizaliwa. Chini palisema: Amina.

Veneranda aliipokea karatasi, akaitazama, kisha akaigeuza nyuma, kana kwamba maneno yamehamia upande wa pili.

Jioni hiyo Kandidus alifika kumpa pole. Alikaa barazani akawa anagonga gonga kuta kwa kifundo cha kidole, kuona kama ni za tofali la kuchoma. Hakuwa mtu mbaya wa kutisha. Alikuwa na watoto wengi na nyumba ndogo. "Mimi sina neno, shemeji," alisema. "Mimi ni mtu wa desturi. Nasubiri wasifu tu."

Mtoto, Adela, alikuwa amelala mapajani mwa mama yake. Veneranda aliuweka mkono juu ya kichwa chake na hakuutoa mpaka Kandidus alipoaga.

*

Tulikwenda mji mkuu, Veneranda kama mjane na mimi kwa niaba ya kamati ya mazishi, kuomba kibali cha kutaja kilichomuua mume wake. Hatukutaka mengi. Alikuwa tayari kuacha koki, kuacha ushujaa, kuacha hata tangi. Aseme tu kwamba ni ajali kazini.

Waziri wa Usiri alitupokea katika ofisi ambayo madirisha yake yalikuwa yamechorwa ukutani. Alikuwa mtu mnene mwenye huruma nyingi ya sauti. Alisimama, akafunga kifungo cha koti, akatuhutubia sisi wawili kama uwanja mzima. Alisema taifa limepoteza nguzo, ambayo jina lake hatalitaja. Alisema taifa liko kwenye mapambano mazito, ambayo hathibitishi wala hakanushi. "Serikali inalia, mama yangu," alisema. "Inalia usiku na mchana. Ila imejifunga, kwa mujibu wa mkataba, kulia ndani kwa ndani."

Veneranda alisubiri amalize. Kisha akauliza kama wale watatu wa kwenye theluji wanajua mume wake alikufa kwa nini.

"Wanajua," alisema Waziri. "Wamepewa kila kitu, pamoja na picha."

"Walimjua?"

"Hapana."

"Mimi nilimfulia nguo za kazi. Kwa nini wao wajue waseme, na mimi nijue ninyamaze?"

"Kwa sababu wao wamesaini, mama."

"Basi nipeni na mimi nisaini."

Waziri alimtazama mwanasheria wake aliyekaa pembeni, mwanasheria akatazama juu, na kalamu ikaja haraka kuliko kitu chochote nilichowahi kuona kikija kutoka serikalini.

Lazima nieleze hapa, kwa sababu mgeni wa nchi yetu anaweza kumwona Veneranda mjinga, na hakuwa mjinga. Kwetu mtu husaini ili apewe. Tumesaini tukapewa chandarua, tumesaini tukapewa mbegu, tumesaini tukakabidhiwa maiti zetu. Hatujawahi kusaini tukanyang'anywa. Kalamu ikishuka kwenye karatasi, sisi hukinga mikono kupokea. Hata mimi, mtu mzima niliyezeeka na maandishi, nilisaini kama shahidi kwa furaha, nikamwambia, umeona mwanangu, yameisha.

Aliandika jina lake lote, polepole, pamoja na la ukoo. Waziri akasimama tena. Sasa kwa kuwa amesaini, alisema, anastahili kuambiwa rasmi. Akamwambia rasmi kwamba mume wake alikufa kwa gesi ya tangi. Sikuwahi kuyasikia maneno yale yakitamkwa na mtu mwenye gari la bendera.

"Ahsante, mheshimiwa," alisema Veneranda, naye alikuwa akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Kwa hiyo sasa naweza kusema."

"Sasa, mama," alisema Waziri, "ndiyo huwezi kabisa."

Alimfafanulia kwa upole. Akisema neno, ni jela, na nchi ikishindwa shauri itakuwa ni kwa mdomo wake. Veneranda aliuliza nani atakaa na mtoto akiwa jela. Waziri alishauriana na mwanasheria, akasema kwa mila zetu nzuri mtoto ana baba mkubwa.

*

Asubuhi ya maziko, Apolinari alimfuata Veneranda jikoni, katikati ya moshi na akina mama. Alikuwa hajalala, au amelala vibaya. Alimwomba watoke nje kidogo, na mimi nikatoka nao kwa kuwa tangu safari ile nilizoea kufuatana naye.

Alisema kuna jambo limemkaa kooni. Siri ile, alisema, inawafunga waliokubaliana tu, yaani serikali na kampuni, na wale waliosaini. Mtu wa nje haimfungi. Tangazo la uwanjani lilikuwa la kutisha watu. Sheria yake haikuwapo.

"Mimi nilikuwa mtu wa nje?" aliuliza Veneranda.

"Ulikuwa wa nje, mama. Mpaka ulipokwenda kule."

"Wewe ulilijua hilo wakati unatupeleka kituoni kupanda basi."

"Nililijua. Nilifikiri wangekukatalia tu, urudi, ukasirike, useme." Alianza kulia. "Sikufikiri ungeomba kusaini."

Veneranda alimtazama, akampa ncha ya kanga yake ajifute. "Basi juzi nilikuwa na mdomo," alisema, na akarudi jikoni.

Nilichukia siku ile. Nilimchukia kijana, nikajichukia mimi na ile kalamu. Sina kejeli ya kuweka hapa.

Watu walijaa. Jeneza lilikuwa limepigwa misumari na kuzungushiwa utepe wa wizara. Nikasimama, nikafungua karatasi, nikasoma kwa sauti yangu yote, "Marehemu Menasi Lupindo alizaliwa." Kisha nikaendelea kusoma wino mweusi. Mstari mmoja baada ya mwingine niliupitia kimya, kwa muda ambao maneno yake yangechukua, kwa sababu nilikuwa nayajua. Mahali pa "makini" nilisimama kidogo. Mahali pa utani nilitabasamu, sikuweza kujizuia. Mahali pa koki sauti ilikuwa inanitaka, nikaishikilia. Nikasema, "Amina."

Kandidus alisimama. Aliuliza, kwa adabu zote, kama desturi inavyomruhusu ndugu wa marehemu kuuliza, "Mdogo wangu alikufa kwa nini?"

Walikuwapo pale mamia ya watu ambao macho yao yalikuwa bado mekundu kwa gesi ileile, na hakuna aliyejibu, kwa sababu waliosaini walikuwa wamesaini na wasiosaini hawakujua kwamba hiyo ni tofauti. Mtu mmoja nyuma akaanza kukohoa. Jirani yake akadakia. Kikohozi kikatembea mstari hadi mstari mpaka kikafika mbele, wanakohoa wazee, wanakohoa wanakwaya, anakohoa padri. Kandidus mwenyewe alikohoa mpaka akainama. Kwa mtu mwenye masikio lilikuwa jibu kamili, lakini desturi yetu haikubali kikohozi.

Kilipotulia, Adela aliinua uso kutoka kwenye kanga ya mama yake. Alikuwa mdogo, hajaanza shule. "Mama," alisema, na kwa jinsi palivyokuwa kimya kila mtu alimsikia, "si ni lile ta..."

Veneranda alimziba mdomo. Alimziba kwa viganja vyote viwili, akambana kifuani, na macho yake yakamtafuta Apolinari, yakimwambia mtoto huyu hakusema, umeona, hakusema.

Watu hawakumwona Apolinari. Walimwona mama anayemziba mtoto mdomo mbele ya jeneza. Minong'ono ikapita. Kandidus alitikisa kichwa kwa huzuni ambayo, nadhani, kufikia hapo ilikuwa ya kweli. "Mmeona wenyewe," alisema. "Hata mtoto anajua."

Menasi alishushwa. Kabla jua halijazama Veneranda alikuwa njiani kwenda kwao, ng'ambo ya mto, na nguo zake. Adela alishikwa mkono na baba mkubwa. Hakulia sana, aliambiwa mama amekwenda kuteka maji.

*

Shauri la kule kwenye theluji liliisha. Pande zote mbili zilitoa tamko la pamoja kwamba zimeridhika. Nani alishinda ni siri, nani alimlipa nani ni siri, na kama tangi lilikuwa bovu au zima ni siri. Kiwanda kilifunguliwa upya kwa ngoma. Tangi jipya limepakwa rangi nyeupe kama lile la kwanza, na Waziri alilizindua kwa hotuba ndefu iliyosifu utulivu wa wananchi. Apolinari aliacha kazi, nasikia anauza vifaa vya shule. Afisa aliyekuja baada yake ndiye aliyenipa ruhusa ya kusimulia, na lile sharti nililokutajia mwanzoni.

Veneranda huja mjini siku za gulio. Anauza karanga za kukaanga. Mara ya kwanza alimwita mwanawe kwa jina kati ya meza za nguo, na Adela, ambaye sasa ni msichana wa darasa la sita, akavuka upande wa pili. Siku hizi hamwiti. Anapanga karanga zake mahali ambapo wanaotoka shule lazima wapite.

Wiki iliyopita Adela alikuja kwangu. Alibisha hodi, akakaa kwenye kigoda alichokalia mama yake siku aliyoniletea wasifu, hata magoti aliyaweka vilevile. Alisema, "Babu, wewe ndiye uliyesoma msibani kwa baba."

Nikamwambia ndiye mimi.

Akasema nyumbani wanamwambia mama yake ndiye aliyemuua baba. Akasema zamani alikuwa akikumbuka jambo jingine, kitu cheupe kikubwa na watu wanakimbia, lakini baba mkubwa anasema hiyo ni ndoto. "Nieleze ulichosoma," alisema. "Nieleze baba alikuwa nani."

Nilikuwa na kila neno. Makini, utani, hakosi kazini, sauti ya nne kanisani, koki, ili watu waishi. Yote yalikuja mpaka kwenye meno. Nikaiona sahihi yangu chini ya sahihi ya mama yake, na mlango wa jela, na uzee wangu.

"Baba yako alizaliwa," nikamwambia.

Akatulia, mikono magotini, akisubiri niendelee.